Kingpini Alizobadilisha Shemeji

Lori la Hirdesh lilikuwa na tabia ya wazee: ukiliambia kulia, lilitafakari kwanza. Ulizungusha usukani robo nzima pasipo kutokea kitu, kama mtu anayekoroga chai isiyotiwa sukari, ndipo magurudumu ya mbele yalipokubali, nayo yalikubali kupita kiasi, ikabidi uyabembeleze yarudi. Barabara za mashamba ya miwa huko Bulileka, nje kidogo ya mji wa Labasa, Fiji, nazo hazikunyooka. Kwa hiyo kwa miezi mingi lori na barabara vilipinda kwa masikilizano, Hirdesh katikati akitoka jasho.

Mwaka huo masikilizano yalikwisha. Kiwanda cha sukari kilikuwa kinaanza kusaga Jumanne ya wiki iliyofuata. Ijumaa angekuja mkaguzi wa magari, na lori lisilo na cheti chake haliingii lango la kiwanda hata likibeba dhahabu. Jumamosi kundi la wakataji lingekaa kuchagua lori la kubeba miwa yao msimu mzima. Kwa miaka kumi na mmoja walikuwa wakimchagua Hirdesh kwa kuinua videvu tu, bila hata kuacha kutafuna. Na lori la miwa lisilo na kundi ni banda la kuku lenye usukani.

Jagdishwar, mume wa dada yake mkubwa, aliliona tatizo mapema. Alilisema mbele za watu, kwa upole wa daktari anayekuja na habari mbaya: "Mimi langu limeshakaguliwa. Likishindwa la Hirdesh, langu lipo. Si kwa ubaya. Familia ni familia."

Hirdesh akamshukuru. Akainama, akamgusa miguu.

Asiyejua mambo ya kwao atacheka, lakini ndivyo walivyo. Mume wa dada mkubwa huitwa Jija, naye ni mgeni wa heshima hata kama anakuja kila siku na kumaliza achari yote. Huketi mwanzo wa mkeka. Chapati ya kwanza ni yake, tena ile iliyofura vizuri. Neno lake halipimwi kwa rula. Ndugu wa mke, kwa upande wake, kazi yake ni kutaniwa na kuleta maji.

Sasa mwaka uliotangulia, kabla ya msimu, Hirdesh alinunua kingpini mpya, ile misumari minene ya chuma ambayo gurudumu la mbele hugeukia juu yake, pamoja na bushi zake, vile vibomba ambamo pini huzungukia. Akazipeleka kwa Jija zikiwa ndani ya boksi lake, akamkabidhi kwa mikono miwili, maana Jija ndiye aliyekuwa fundi wa familia. Lori likakaa huko siku tatu. Lilirudi ekseli imepakwa rangi nyeusi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Hirdesh hakulala chini kutazama. Kukagua kazi ya Jija ni sawa na kumkaribisha chakula halafu ukahesabu mifupa kwenye sahani yake. Alimpelekea shati jipya na sahani ya peremende, akawasha lori, na kweli wiki za kwanza lilikwenda vizuri. Lilipoanza tena kuyumba, alilaumu barabara.

Safari hii Jija alikuwa na shughuli nyingi. "Fanya mwenyewe," alisema. "Badilisha ncha za tairodi tu. Kingpini usiziguse, mpya zile, utaziharibu bure."

Jumatano asubuhi, basi, Hirdesh aliliinua lori uani kwake kwa jeki mbili na magogo ya mnazi. Pamoja naye alikuwa jirani yake Vilikesa, mkataji wa kundi, Mfiji mwenye mabega ya kuziba mlango na Kihindi kitamu kuliko cha Hirdesh mwenyewe. Alikuwa na mapumziko mpaka Jumanne, na mapumziko yake yote aliyatumia mdomoni.

"Hili si lori," alisema, akiwa amelala chali chini ya ekseli. "Hili ni bibi yangu. Naye pia ukimgusa goti, linalia bega."

"Shika nyundo, acha bibi."

Ncha za tairodi, kile chuma kinachoyaunganisha magurudumu ya mbele yageuke pamoja, hazikuwasumbua sana. Walichomoa pini za usalama, wakalegeza nati, kisha wakakaa pande mbili za jicho la chuma lililoishika ncha, kila mmoja na nyundo yake, wakapiga kwa pamoja mpaka ncha ikaruka yenyewe kama chura. Hirdesh alihesabu mizunguko wakati wa kuzifungua za zamani, akafunga mpya kwa idadi ileile, ili magurudumu yasije yakatazamana kama wagomvi. Kufikia saa nne walikuwa wamemaliza, mikono myeusi, na Vilikesa akiuliza habari za chakula kwa mara ya tatu.

Hirdesh akakamata gurudumu la kushoto, mkono mmoja juu, mmoja chini, akalitikisa.

Likacheza.

Akalitikisa tena, taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Likacheza tena, kwa mlio mdogo: tak, tak.

"Beringi hiyo," alisema.

"Yaweza kuwa beringi," alisema Vilikesa. "Ngoja nikanyage breki."

Mtihani huo kila dereva wa miwa anaujua. Breki ikikanyagwa, beringi ya gurudumu hubanwa ikanyamaza. Kinachoendelea kucheza baada ya hapo ni kingpini, hakuna mwingine wa kusingiziwa. Vilikesa akapanda, akakanyaga kwa uzito wake wote. Hirdesh akatikisa.

Tak, tak.

"Kanyaga vizuri."

"Nikikanyaga zaidi ya hapa nitatokea Australia."

Tak, tak.

Vilikesa akashuka. Akalitazama gurudumu, akamtazama Hirdesh. "Kingpini."

"Haiwezekani. Jija ameziweka mwaka jana."

"Basi ameziweka mahali pengine, kaka. Hapa hazipo."

"Chunga ulimi. Unamsema Jija wangu."

"Mimi sisemi mtu. Gurudumu ndilo linalosema."

Hirdesh akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Kufungua kingpini kulimaanisha kusema, bila kutamka, kwamba hakuamini mkono wa Jija. Mambo hayo husikika. Bulileka hata mbwa wana masikio ya kukodi. Kutofungua kulimaanisha Ijumaa mkaguzi atikise gurudumu kwa mikono yake miwili ya serikali. Alikaa pale mpaka Vilikesa akamaliza kipande cha muhogo alichokuwa amekificha kwenye begi.

"Lete gesi," Hirdesh akasema mwishoni.

Ile kabari ndogo inayoifunga pini isitoke iligoma. Wakaipasha moto, wakaipiga, wakaitukana, wakaipasha tena. Vilikesa aliitukana kwa lugha tatu, na ya tatu alikiri kwamba alijifunza kwa baharia na hajui maana yake. Saa sita kabari ikakubali. Ndipo wakaigeukia pini yenyewe, Hirdesh akishika chuma cha kusukumia, Vilikesa akipiga kwa nyundo ya kilo nne. Kila pigo lilimfikia Hirdesh kwenye meno. Pigo la ishirini na kitu, pini ikasogea. Mengine kumi, ikaanguka kwenye vumbi.

Hirdesh akaiokota kwa kitambaa, ya moto bado, akaifuta grisi. Ilikuwa grisi nene, nyeusi, iliyoshindiliwa kwa wingi kama ugali kwenye sufuria ndogo. Chini yake chuma kilikuwa kimeliwa upande mmoja, kama muwa uliotafunwa na mtu mwenye meno upande huo tu. Akaigeuza kichwa. Pale juu palikuwa na nukta tatu zilizochimbwa kwa ncha ya chuma.

Marehemu baba yake, Ramautar, hakuwahi kufunga chuma chochote kwa mkono wake bila kukitia nukta tatu. Majembe ya nyumba ile yalikuwa nazo. Bawaba za mlango zilikuwa nazo. Na Ramautar alikuwa na miaka tisa tangu maiti yake ichomwe, kama ilivyo mila yao, kando ya mto Qawa.

Vilikesa alizijua nukta hizo vilevile. Alinyamaza, na Vilikesa kunyamaza ni jambo la kuandikwa ukutani. Kisha hakuweza.

"Labda mzee alirudi akazirudishia zake. Alikuwa hapendi vitu vya dukani."

"Vilikesa."

"Nimenyamaza."

Hirdesh akaifunga pini kwenye kitambaa na kushika njia. Kwa Jija ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, kupitia reli ya miwa na daraja la mbao. Njia nzima alikuwa anamtetea. Labda duka lilitia pini mbovu kwenye boksi. Labda pini mpya hazikutoshea, naye akaona haya kusema. Labda ziko bado kwenye boksi, juu ya kabati, na Jija amesahau, maana mtu mzima husahau. Alikuwa wakili mzuri, Hirdesh. Kufikia daraja alikuwa karibu amshindie kesi.

Jija hakuwepo. Lori lake lilikuwepo uani, la aina ileile na umri uleule na la Hirdesh, cheti kipya cha ukaguzi kwenye kioo. Dada yake, Dhanmati, alikuwa anatandaza pilipili juani kwenye bati. Alipomwona akaanza kutabasamu na kuuliza kile anachouliza kila mara, "Umekula, mdogo wangu?" Kisha akakiona kitambaa, na umbo la kile kilichokuwa ndani.

"Nilimwambia akwambie," alisema.

Hirdesh alikuwa hajafungua mdomo. Kesi yote aliyoishinda njiani ikaanguka hapo, kwenye pilipili.

"Kwa hiyo ulijua."

"Keti kwanza."

"Ulijua lini?"

"Siku ileile." Akafuta mikono kwenye nguo, taratibu, kidole kwa kidole. "Lori letu lilikuwa limekufa, Hirdesh. Wewe ulikuwa na kundi lako, una miwa yako. Yeye alikuwa analala macho wazi. Akasema ataweka zako humu kwa msimu mmoja tu, halafu atanunua nyingine akuwekee."

"Angeniomba."

"Ungempa?"

"Ningempa siku hiyohiyo! Ningezibeba mwenyewe kichwani!"

"Ndiyo maana hakuomba," dada yake akasema. "Aombe kwa ndugu wa mkewe? Huyo angekuwa Jija wa nani tena?"

Hirdesh akaitazama ekseli ya lori la shemeji yake. Haikuwa imepakwa rangi. Kitu kizima hakihitaji.

"Mwaka mzima nashuka mlima na tani saba mgongoni," alisema. "Mara mbili nimekupeleka mjini humo ndani, dada."

"Najua. Nilikaa upande wa mlango."

Aliyasema hayo akiwa ameinamia pilipili, na Hirdesh akakumbuka, maana alimtania siku ile: Vilikesa ameketi katikati, amebanwa kama mkate, na dada yake pembeni amekataa kata kata kusogea, mkono kwenye kitasa safari nzima. Alidhani anataka upepo.

"Na Jumamosi je?" akauliza. "Kundi langu nalo alilihitaji kwa msimu mmoja tu?"

Dhanmati akageuza pilipili moja, akageuza nyingine. Alisema, "Usimwaibishe mbele za watu. Nakuomba. Atakayelipa ni mimi."

Akarudi bila kula. Katika umri wake wote, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kutoka nyumba ya dada yake na tumbo tupu.

Vilikesa alikwenda mjini kwa basi la jioni, akamtoa binamu yake wa chuo cha ufundi kwenye meza ya chakula, na Alhamisi alfajiri alirudi na kingpini mpya, bushi, na kile chombo cha kukwangua bushi ndani mpaka pini ipite kwa kubembelezwa. Waliziingiza bushi kwa boliti ndefu na vipande vya bomba, wakikaza nati polepole. Ya kwanza nusura waiingize kombo, tundu lake la grisi likiwa limetazamana na ukuta badala ya tundu la ekseli.

"Hapo tungeipaka grisi mpaka kiyama na isionje," alisema Vilikesa.

"Kuna watu wa namna hiyo," alisema Hirdesh. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza tangu chai.

Alikwangua mwenyewe, mizunguko miwili, anapima pini, mizunguko miwili, anapima. Asingempa mtu kazi hiyo, hata Vilikesa. Jioni pini ilishuka kwa uzito wake mwenyewe, kwa pumzi ndefu, ikakaa. Walipomaliza upande wa pili walipima magurudumu kwa fito, mbele na nyuma, wakarekebisha tairodi kidogo. Hirdesh akakamata gurudumu juu na chini. Kimya. Angeweza kutikisa msikiti wa Nasea ukacheza kuliko gurudumu lile.

Mkaguzi wa Ijumaa alitikisa, akatikisa tena kwa mashaka, akauliza, "Fundi nani?"

"Mimi."

"Haya," akasema mkaguzi, akagonga muhuri.

Jumamosi mchana kundi likakaa kwa Muniappa, mnyapara wao, mtu mnene mwenye usingizi wa kudumu, na bakuli la yangona, kile kinywaji cha mizizi kinacholegeza mwili, lilikuwa katikati ya mkeka. Jija alikuwa ameketi mwanzo wa mkeka, kama kawaida. Zamu ya kuchota ilikuwa ya Hirdesh. Akampa Jija kifuu cha kwanza kwa mikono miwili, Jija akakutanisha viganja mara moja, kama desturi, akanywa. Hirdesh alikuwa ameamua. Cheti anacho, lori ni zima, kundi litainua videvu, na ulimi wake ataukalia kama kuku anavyokalia yai. Kwa ajili ya dada.

"Videvu," alisema Muniappa, jicho moja limefumba.

"Kabla ya videvu," alisema Jija, kwa upole ule wa daktari. "Mimi sina neno na mdogo wa mke wangu. Nawaza watu tu. Kingpini nilizomwekea mwaka jana zilikuwa na uhai wa miaka kumi. Amezitoa. Uani, kwa nyundo, pamoja na mkata miwa. Mkaguzi anatikisa dakika moja anakwenda zake, lakini mimi kijana huyu namjua, hajawahi kufunga hata baiskeli ikakaa. Likitokea jambo mlimani, msiseme sikusema."

Videvu viwili vilivyokuwa vimeanza kuinuka vikashuka.

Hirdesh alikuwa bado ameshika kifuu. Kuibiwa alikuwa amekwisha kukumeza, kwa shida, kama mfupa wa samaki. Hiki hakikupita.

"Jija," alisema, "ulizoniwekea mimi ziko kwenye ekseli ya lori lako. Nenda kazitazame, ni kweli zina uhai wa miaka kumi. Mimi uliniachia za baba yangu na grisi."

Hakuna aliyewahi kumsikia mtu akisema hivyo na Jija wake. Hata nzi waliokuwa kwenye bakuli waliketi.

"Unaniita mwizi mbele za watu?"

"Nakuita Jija. Ndilo lililonichelewesha mwaka mzima."

Muniappa akafumbua jicho la pili. "Vilikesa. Ulikuwepo?"

"Niliitoa kwa mkono wangu," alisema Vilikesa. "Ile pini haikuwa mpya, mnyapara. Ile ilikuwa na umri wa kuoza binti."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Jagdishwar akasimama, akajikung'uta magoti ingawa mkeka ulikuwa safi. Hakukana. Alipofika mlangoni akageuka, na upole wote ulikuwa umemwisha. "Mke wangu hatakanyaga tena nyumba yako," alisema. "Na wewe usikanyage yangu."

Akaondoka. Muniappa akasema tena, "Videvu," na videvu vyote vikainuka. Hirdesh akaendelea kuchota yangona kwa zamu, kulia kwenda kushoto, kama inavyopasa.

Msimu ukaenda vizuri. Lori sasa lilikwenda kulia kabla hujamaliza kufikiri. Wakataji walilalamika kwamba hawapati tena usingizi mzuri wa kuyumbishwa.

Siku ya kamba ya Rakhi, mwezi wa nane, dada humfunga ndugu yake wa kiume uzi mwekundu mkononi na kumwombea. Hirdesh alikuwa kwenye foleni ya kiwanda, malori arobaini mbele yake. Vilikesa akapanda upande wa pili akiwa na bahasha.

"Dada yako alinisimamisha dukani, akanitia hii mkononi, akaondoka kama mtu aliyeniuzia magendo."

"Alisema nini?"

"Hakusema. Alitazama nyuma mara mbili."

Ndani mlikuwa na uzi tu, mwekundu, una nyuzi za dhahabu. Mtu hajifungi mwenyewe, lazima afungwe.

"Lete mkono," alisema Vilikesa. "Mimi si dada yako, lakini nimekupikia mara nyingi kuliko yeye mwaka huu."

Hirdesh alikuwa anautazama uzi. Alikuwa anawaza ule wa mwaka uliotangulia. Dhanmati alimfunga, wiki sita baada ya Jija kulirudisha lori. Alimlisha kipande cha halua kwa mkono wake, akafumba macho, akamwombea mdogo wake maisha marefu, huku akijua kilichomo kwenye ekseli. Na kwa jinsi alivyomfahamu dada yake, aliomba kwa moyo wote. Hapo ndipo aliposhindwa kuvuka. Angejua kwamba aliigiza, ingekuwa nafuu.

"Vipi, nifunge?"

"Ngoja."

"Mpaka lini?"

"Sijui." Akaurudisha uzi kwenye bahasha, akawasha lori. "Funga mlango huo. Foleni imesogea."